Maswali ya Wasomaji: Nani Aliianika Nambari Yangu ya Kitambulisho?

Kati ya barua zilizofika mezani pangu mwezi huu, tano zilihusu jambo moja, nami nimeonelea nizijibu kwa pamoja, ingawa si zote zitakazopata nafasi sawa. Majina ya walioziandika nimeyaacha, kwa kuwa ingekuwa kichekesho kuyachapisha katika ukurasa unaozungumzia faragha.

*Ndugu Mjibu Maswali, mimi ni mwalimu na ninaishi Donholm. Majuzi binti yangu aliandika majina yangu matatu kwenye Google, na matokeo ya kwanza kabisa yakawa hati ya PDF ya mwaka 2018, iliyowekwa na taasisi moja ya umma niliyoiomba kazi na ambayo haikuniajiri. Ndani yake mna majina ya waombaji mia kadhaa, nambari zetu za vitambulisho, nambari za simu na kaunti tunakotoka. Wiki mbili kabla ya hapo mtu alikuwa amenipigia akijidai kuwa ni wa kampuni ya simu, akanisomea nambari ya kitambulisho changu bila kukosea tarakimu hata moja, kisha akaniomba PIN. Nilikata simu. Nimeiandikia Google mara mbili bila kufanikiwa. Je, nimedukuliwa? Na nitaiondoaje hati hii? — Mwalimu, Donholm*

Mwalimu, hukudukuliwa. Ninaanza na hilo kwa sababu neno hilo limetuzoeza kumtafuta mwizi dirishani, ilhali mara nyingi mlango uliachwa wazi na mtu tuliyemkabidhi ufunguo sisi wenyewe. Ulijaza fomu, ukaambatisha nakala ya kitambulisho, ukaipeleka. Yaelekea karani fulani aliandaa orodha ya waombaji kwa matumizi ya ofisi. Baadaye mwenzake akaagizwa atangaze walioitwa kwenye usaili, naye badala ya kutengeneza orodha nyingine yenye majina peke yake, akaipandisha ile ile kwenye tovuti pamoja na safu zake zote. Usaili ukapita, walioajiriwa wakaajiriwa, na faili ikabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyewahi kupewa kazi ya kuiondoa. Ukitazama kwa makini tovuti za ofisi zetu utakuta orodha za aina hiyo za ajira, za basari na za zabuni, ambazo shughuli zake zilimalizika zamani.

Sasa kuhusu Google. Kampuni hiyo haikuiandika hati yako wala haiimiliki. Kampuni za utafutaji zina programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana, zikifuata kiungo baada ya kiungo, zikisoma kila ukurasa ambao haukufungwa, na kuweka katika faharasa kwamba neno fulani linapatikana mahali fulani. PDF nayo husomwa neno kwa neno kama ukurasa mwingine wowote, na kwa kuwa majina matatu ya mtu ni adimu zaidi kuliko jina moja, hati iliyoyaweka yote matatu pamoja hupanda juu ya orodha ya matokeo. Kuiandikia Google kabla ya kuiandikia taasisi ni kama kumlaumu mpita njia aliyekuelekeza dukani kwa bei uliyoikuta dukani. Hata akikubali kutomwelekeza mtu mwingine, duka bado liko wazi.

Kwa hiyo barua yako ya kwanza iende kwa taasisi yenyewe. Andika anwani kamili ya hati, taja ukurasa na mstari uliomo, ambatisha picha ya skrini yenye tarehe, na useme wazi unachotaka: faili iondolewe kabisa katika seva, si kufutwa tu kiungo chake katika ukurasa wa matangazo, maana watu wengi wa ofisini hudhani kwamba kiungo kikiondoka na faili imeondoka. Faili iliyopoteza kiungo huendelea kufunguka kwa yeyote mwenye anwani yake, na Google tayari inayo. Wakikuomba nakala ya kitambulisho ili wathibitishe kwamba ni wewe, wakumbushe kwa upole kwamba nambari hiyo wanayo, na kwamba wameionyesha dunia nzima.

Msingi wako wa kisheria ni imara kuliko unavyodhani. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutofichuliwa bila sababu habari za familia yake na mambo yake ya binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 25, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajiwekee mpaka kwenye zile zinazohitajika kwa shughuli husika, na kifungu cha 40 kinakupa haki ya kudai zifutwe zile ambazo hazihusiki, zimezidi kiasi au mwenye kuzihifadhi hana tena idhini ya kukaa nazo. Kanuni za mwaka 2021 zilizotokana na sheria hiyo zinampa mwenye kuombwa siku 14 za kukujibu. Watakwambia kwamba walichapisha kwa ajili ya uwazi, na uwazi katika ajira za umma ni jambo jema ambalo mimi mwenyewe nimelitetea katika ukurasa huu. Lakini uwazi ulihitaji jina lako na pengine nambari ya ombi. Haukuhitaji kitambulisho wala simu. Wakikwambia pia kwamba hati ni ya mwaka 2018, kabla ya sheria kuwepo, hoja yako iwe kwamba kuendelea kuiweka hadharani ni tendo la leo.

Siku hizo zikipita kimya, peleka malalamiko katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi hiyo ilianza kupata sura mnamo Novemba 2020, Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, alipoapishwa, na sheria inaitaka imalize uchunguzi wa malalamiko katika muda wa siku 90. Ninakushauri uiandikie taasisi kwanza hata hivyo, kwa sababu barua isiyojibiwa ni ushahidi, na kwa sababu mara nyingi msimamizi wa tovuti huiondoa faili siku hiyo hiyo akishaelezwa ni ipi.

Faili ikishaondoka, hapo ndipo Google inapokuwa na maana. Kwa muda wa siku au hata wiki kadhaa jina lako linaweza kuendelea kuonekana katika matokeo pamoja na mistari michache ya hati ambayo haipo tena, kwa kuwa faharasa bado haijapitiwa upya. Google ina fomu maalumu ya kuomba maudhui yaliyopitwa na wakati yaondolewe, na fomu hiyo hufanya kazi vizuri pale tu ukurasa wenyewe unapokuwa umekwisha kufutwa. Kisha angalia kama hati ilihifadhiwa na Internet Archive, maktaba ya Marekani ambayo imekuwa ikinakili kurasa za mtandao tangu mwaka 1996; nao huandikiwa barua pepe, na huyapokea maombi ya aina hii.

Umeuliza katika sehemu ya barua yako ambayo sikuichapisha kama unaweza kutumia “haki ya kusahauliwa” uliyoisikia redioni. Haki hiyo ilipata umaarufu kutokana na raia mmoja wa Uhispania aliyelalamika kwamba kila jina lake lilipotafutwa, Google ilileta matangazo ya gazeti ya mwaka 1998 kuhusu mnada wa mali yake kwa madeni ambayo alikuwa amekwisha kuyamaliza. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni ya utafutaji inaweza kulazimishwa kuviondoa viungo hivyo katika matokeo ya jina lake, ingawa gazeti lenyewe liliachwa na kurasa zake. Lakini mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba sheria ya Ulaya haiilazimishi Google kufanya hivyo duniani kote. Kwa hiyo usiegemee huko. Egemea kifungu cha 40, ambacho ni chako na kipo hapa Nairobi.

Nina ombi moja: usiipeleke hasira yako kwenye mtandao wa X pamoja na kiungo cha hati. Mwaka 2003 mwimbaji Barbra Streisand alimshtaki mpigapicha aliyekuwa ameweka mtandaoni picha za pwani ya California, ambazo mojawapo ilionyesha nyumba yake. Kabla ya kesi, picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6 tu, na 2 kati ya hizo ni za mawakili wake mwenyewe. Habari za kesi zilipoenea, watu zaidi ya 400,000 waliitembelea tovuti hiyo katika mwezi mmoja, na kesi akashindwa. Waombaji wenzako mia kadhaa nao wamo katika hati yako, na hakuna aliyekupa ruhusa ya kuwatangaza.

Wakati unasubiri, chukulia kwamba nambari imekwisha kutoka na wapo wanaoitumia. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini bomba linaweza kufungwa. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ikiwa laini yako ni ya Safaricom, piga pia *100*100# ili isiweze kuhamishiwa kadi nyingine na wakala yeyote wa mtaani, bali katika duka la kampuni pekee. Usidharau hatua hizi kwa kudhani kwamba nambari ya kitambulisho ni tarakimu tu. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kukagua rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa na wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kumwandikisha mtu chamani hakukuhitaji kumshawishi. Kulihitaji jina na nambari, na vitu hivyo viwili vimejaa katika orodha kama hiyo yako. Yule aliyekupigia simu hakuwa na uchawi wowote. Alikuwa akisoma mstari wako, na baada yako alishuka kwenye mstari uliofuata.

*Kwa Mjibu Maswali. Mimi ni fundi wa magari Kariobangi. Sijawahi kukopa kwenye simu hata shilingi moja. Tangu mwezi uliopita ninapigiwa na watu wanaonidai deni la mtu ambaye nilimtengenezea gari mara moja miaka mitatu iliyopita, wanasema nilimdhamini. Wamenitukana, na sasa wameanza kumtumia mke wangu ujumbe. Walipata wapi nambari yetu? — Fundi, Kariobangi*

Fundi, waliipata katika simu ya mteja wako. Siku ulipomaliza gari alikuhifadhi, pengine kama “Fundi Kariobangi”, na mke wako akahifadhiwa siku alipopokea malipo kwa niaba yako. Miaka ikapita, mteja akahitaji pesa usiku, akapakua programu ya mkopo. Programu ikamuuliza kama inaruhusiwa kusoma orodha ya majina katika simu, naye akabonyeza kuruhusu kama tunavyobonyeza sote. Kwa sekunde chache orodha nzima ikanakiliwa katika kompyuta za mkopeshaji. Hakukuwa na dhamana yoyote. Mdhamini hukubali na kutia sahihi. Wewe ulikuwa jina katika kitabu cha mtu mwingine.

Jambo hili ndilo gumu zaidi kulieleza watu wanaponiuliza jinsi ya “kujilinda mtandaoni”, maana ulinzi wa nambari yako umo katika mikono ya kila mtu aliyewahi kuihifadhi. Mwaka 2021 taarifa za watumiaji milioni 533 wa Facebook, zikiwemo nambari za simu, zilimwagwa mtandaoni, na kampuni ikaeleza kwamba zilikombwa kabla ya Septemba 2019 kupitia huduma iliyowawezesha watu kuwatafuta marafiki kwa kutumia orodha za simu zao. Hata zile programu zinazokuonyesha jina la anayepiga hujifunza majina hayo kutoka kwa watu wengine. Rafiki yangu mmoja, mhasibu mwenye heshima zake, aligundua kwamba anatokea katika simu za wageni kama “Usishike Huyu”, na hadi leo hajui ni nani aliyembatiza.

Tukirudi kwa wanaokutukana: wanavunja sheria, na wanajua. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoaji wa mikopo ya kidijitali zinawataka wawe na leseni, na zinawakataza kutumia orodha ya majina iliyomo katika simu ya mkopaji ili kuwatumia watu ujumbe anapochelewa kulipa. Sera ya duka la programu la Google nayo, tangu tarehe 31 Mei 2023, inazikataza programu za mikopo ya binafsi kusoma majina na picha zilizomo katika simu. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni moja ya mikopo kwa kutumia majina na mawasiliano ya watu ambao hawakuwa wamekubali. Wakikupigia tena usibishane kuhusu deni. Waulize jina la kampuni lililosajiliwa na nambari ya leseni yake. Wengi hukata simu papo hapo. Asiyekata, mwandikie barua pepe ya kudai akufute, hifadhi ujumbe wa matusi pamoja na saa na nambari zilizotumika, na upeleke malalamiko kwa Kamishna na Benki Kuu kwa wakati mmoja. Usilipe hata shilingi mia moja ili wanyamaze, kwa sababu malipo yatawapa sababu ya kudai kwamba ulilikubali deni.

Mteja wako usimkasirikie kupita kiasi. Kabla ya hapo, fungua mipangilio ya simu yako mwenyewe uone ni programu ngapi ulizozipa ruhusa hiyo hiyo.

*Shikamoo. Miaka miwili iliyopita kaka yangu alihitaji upasuaji wa figo, nasi tukatengeneza bango la kuomba mchango: picha yake akiwa kitandani, ripoti ya daktari, nambari ya mama kama mweka hazina. Watu walichanga, Mungu awabariki, na kaka alipona. Sasa bango lile lile linazunguka tena WhatsApp likiwa na nambari ya malipo ambayo si yetu. Juzi kaka alikwenda kwenye usaili wa kazi na mmoja wa waliomhoji akamuuliza kama figo zimepona. Tunaweza kuwashtaki waliolisambaza? — Dada, Kawangware*

Marahaba, dada, na pole. Tuyatenganishe mambo mawili. Aliyebadilisha nambari ya malipo ni mwizi, na kesi yake ni ya polisi: andikisha taarifa kituoni, omba nambari ya kumbukumbu, na uwaarifu Kurugenzi ya Upelelezi wa Jinai, kwa kuwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inahusu ulaghai wa aina hiyo. Iripoti nambari yenyewe kwa kampuni ya simu pia. Kwa Safaricom, ujumbe wa matapeli hutumwa 333. Fanyeni hivyo haraka, maana laini kama hiyo hutumika siku chache na kutupwa.

Waliolisambaza kwa huruma ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Data inaiweka hali ya afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 51, haiwagusi watu binafsi katika shughuli zao za kibinafsi na za nyumbani tu. Shangazi aliyelituma bango katika kundi la kanisa si mtu ambaye Kamishna atamwita. Wala WhatsApp haiwezi kulivuta bango lirudi: tangu mwaka 2016 ujumbe wake umefungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiusomi, na kufuli hiyo humzuia anayedukiza njiani, si aliyetumiwa ambaye yuko huru kuutuma tena kwa watu mia. Kinachowezekana ni kulifuata bango kwa bango. Tengenezeni jingine, lenye maneno machache bila picha yake: kwamba mgonjwa alipona, mchango ulifungwa mwezi fulani, na nambari inayozunguka ni ya tapeli. Lipelekeni katika makundi yale yale, mkianza na makubwa, na muwaombe wasimamizi wafute la zamani.

Siwezi kukulaumu kwa ripoti ya daktari. Bila ripoti watu wa Nairobi hawachangi, maana wameibiwa mara nyingi mno. Lakini ripoti inaweza kubaki kwa mweka hazina, akamwonyesha anayeuliza, na bango likabeba jina la hospitali, kiasi kinachohitajika, jina la mweka hazina kama linavyotokea mtu anapotuma pesa, na tarehe ya kufunga mchango. Tarehe ndiyo hasa iliyokosekana katika bango lenu. Bango lisilo na tarehe halipitwi na wakati, na hilo ndilo alilolitafuta tapeli.

Kwa kuwa tumefika hapa, niseme na hili ambalo hukuliuliza. Wasifu wa marehemu tunaoupiga chapa kwa ajili ya mazishi, kisha mpwa mmoja akaupiga picha na kuuweka Facebook, una majina kamili ya watoto wote, waume na wake zao, mahali alipozaliwa kila mmoja, shule alizosoma na jina la ukoo wa bibi. Kuna huduma za kifedha ambazo bado humtambua mteja kwa kumuuliza jina la ukoo wa mama yake au shule ya msingi aliyosoma. Sheria yetu, kwa busara ambayo sijaiona katika sheria nyingi za nje, imeyataja majina ya watoto, wazazi na wenzi katika ndoa miongoni mwa taarifa nyeti. Sisi huyasoma kwa kipaza sauti makaburini, jambo ambalo ni la haki na la heshima. Ni kule Facebook ndiko yanakokutana na asiyelia nasi.

*Mjibu Maswali, ninasoma chuo kikuu na ninaona mnawatisha watu bure. Mimi sina la kuficha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kampuni zikijua ninapenda viatu gani, zinaniumiza vipi? — Mwanafunzi, Kahawa*

Ndugu yangu, methali hiyo inamhusu mwenye shida aliyefika mbele ya mkunga. Haimwagizi aende uchi hadi kituo cha mabasi cha Kencom.

Viatu vyako havimshughulishi mtu. Kinachoshughulisha ni kile viatu vinachosema vikiwekwa pamoja na mengine, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mtafiti wa Marekani Latanya Sweeney alionyesha katika kazi yake ya mwaka 2000 kwamba vitu vitatu tu, yaani tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta, vilitosha kuwatofautisha takriban asilimia 87 ya watu wa nchi hiyo. Kabla ya hapo alikuwa amenunua daftari la wapiga kura wa mji mmoja kwa dola 20, akalilinganisha na rekodi za hospitali ambazo majina yake yalikuwa yameondolewa, na akazipata rekodi za matibabu za gavana wa Massachusetts. Rekodi zile hazikuwa na jina lake. Wewe umeweka siku yako ya kuzaliwa, mtaa wako na chuo chako katika akaunti moja, na jina juu yake.

Tena usidhani kwamba kila kitu kinaweza kubadilishwa baadaye kama nenosiri. Mwaka 2023 maelfu ya vijana wa rika lako walipanga foleni katika jumba la mikutano la KICC na kwingineko wapigwe picha za mboni za macho na Worldcoin, kwa sarafu ya kidijitali iliyokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti mwaka huo, na mnamo Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe katika muda wa siku saba. Shilingi 7,000 zilikwisha Agosti ile ile. Jicho ni lile lile.

*Mhariri, salamu. Mimi ni mzee wa miaka 71. Kila jengo ninaloingia mjini linanitaka niandike jina, kitambulisho, simu na niendako katika daftari la getini. Je, ni lazima? Na daftari likijaa huenda wapi? — Mzee, Nairobi West*

Mzee wangu, desturi hiyo ilikazwa sana baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate mwaka 2013, na siwezi kumlaumu mlinzi, kwa kuwa ameagizwa na mwajiri wake. Lakini mwenye jengo anabanwa na sheria ile ile niliyomtajia mwalimu: achukue kinachohitajika tu, na akitunze. Una haki ya kuuliza kwa nini simu yako inahitajika ikiwa wamekwisha kukiona kitambulisho, na mara nyingi mlinzi mwenye busara huiacha safu hiyo tupu akiulizwa na mtu wa umri wako. Angalia pia kwamba daftari hukuonyesha wote waliotangulia, na atakayekufuata atakusoma wewe.

Kuhusu linakokwenda likijaa, ninaweza kukujibu kwa uhakika katika jengo moja tu. Mwaka jana nilinunua njugu karanga za shilingi ishirini karibu na Jeevanjee, zikiwa zimefungwa katika karatasi iliyosokotwa kama kawaida. Nilipoikunjua nilikuta mistari kumi na mmoja iliyoandikwa kwa kalamu tofauti: majina, vitambulisho, simu, ghorofa ya nne, daktari wa meno. Mmoja wao alikuwa ameandika kwa hati nzuri sana. Njugu nilizila, na karatasi nikaichoma nyumbani jikoni.